Jiwe Lisiishie Kwenye Msingi

Nyumba nyingi zinazoinuka leo kati ya Shinyanga na Geita huanza kwa jiwe, kisha huliacha njiani. Mtaro unachimbwa, lori linamwaga tripu za mawe, waashi wanayapanga mpaka yanafika magotini, halafu kazi inabadilika ghafla. Juu ya msingi ambao ungeweza kubeba mara nyingi ya mzigo unaowekewa, linakuja tofali la kuchoma au la saruji, na jiwe halionekani tena. Mwenye nyumba haulizi kwa nini, na fundi naye haulizwi. Imekubalika tu kwamba jiwe ni la chini, la kubeba na kufukiwa, na kwamba ukuta ni wa kitu kingine. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo yanaigharimu mikoa hii miwili miti na fedha ambazo haikuwa na sababu ya kuzipoteza, na kwamba ukuta wa jiwe unastahili kupanda hadi kwenye lenta katika maeneo mengi ya Usukuma na ukanda wa dhahabu. Lakini dai hilo lina sharti, na sharti lenyewe ni zito kuliko dai. Faida haimo ndani ya jiwe. Imo katika namna ya kulijenga. Jiwe likijengwa kwa namna inayotumika sasa kwenye misingi yetu, halitaokoa chochote.

Tupige hesabu ya nyumba ndogo ya kawaida, mita 8 kwa 6, yenye kuta za nje za urefu wa mita 2.7. Ukiondoa milango na madirisha, zinabaki kama mita za mraba 68 za ukuta. Ukuta wa jiwe wenye unene wa sentimita 45 utakuwa na ujazo wa mita za ujazo 30 hivi, ambapo karibu theluthi ni udongo au saruji ya kuunganishia na kilichobaki ni mawe. Matale huwa na uzito wa tani 2.6 na ushei kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo yatahitajika mawe ya tani 55 hivi: tripu sita hadi nane za lori la kawaida. Hadi hapo hakuna cha kutisha. Sasa tazama saruji. Ukuta huo ukijengwa kwa saruji na mchanga, moja kwa sita, utakula mifuko ipatayo 45. Ukuta wa tofali za saruji za inchi sita, pamoja na kuzifyatua, kuzijengea na kuzipiga plasta ndani na nje, unakula mifuko kama 36. Maana yake ni kwamba mtu anayeamua kujenga kwa jiwe akidhani anabana matumizi, kisha akampa fundi saruji, anaweza kujikuta ametumia saruji nyingi kuliko jirani yake wa tofali. Ndiyo sababu ukuta wa jiwe umepata sifa ya kuwa ni wa matajiri. Lakini ukuta uleule, mawe yaleyale, ukijengwa kwa udongo uliochaguliwa vizuri na viungo vyake kuzibwa kwa nje kwa chokaa au saruji kina cha sentimita mbili au tatu, hutaka mifuko mitano hivi. Hizi ni hesabu za makadirio, na kila fundi anaweza kuzisogeza kidogo huku au kule. Tofauti kati ya tano na arobaini na tano hawezi kuifuta.

Kwa nini saruji nyingi kiasi hicho? Kwa sababu siku hizi mawe mengi hayajengwi, yanatupiwa. Fundi humwaga rojo, akatumbukiza mawe, akamwaga tena, mpaka mawe yanaelea ndani ya saruji kama maharage ndani ya makande, na hakuna jiwe linalomkalia mwenzake. Ukuta wa namna hiyo husimama kwa nguvu ya saruji. Ufundi wa zamani ulikwenda kinyume: jiwe hukaa juu ya jiwe, na udongo hujaza tu nafasi zilizobaki ili jiwe lisitikisike. Sheria zake si nyingi, na zimefanana dunia nzima bila watu kufundishana. Jiwe hulazwa kwa upana wake. Kiungo cha juu hakilingani na kiungo cha chini. Pembeni huwekwa mawe makubwa kuliko yote, yaliyochongwa angalau pande mbili. Kila baada ya mita moja hivi huwekwa jiwe refu linalovuka ukuta kutoka uso wa nje hadi wa ndani, ili nyuso mbili zisiachane. Katikati hujazwa vipande kwa mkono, kimoja kimoja. Hakumwagwi kifusi kwa kolego. Mwashi anayezifuata sheria hizo anaweza kuinua ukuta bila udongo wowote. Hayo yako wazi Thimlich Ohinga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, karibu na Migori, ambako kuta za mawe makavu za karne ya 16 bado zimesimama, baadhi zikifika mita nne, na mwaka 2018 ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Yako wazi pia Zimbabwe Kuu, ambako ukuta wa boma kubwa unafika mita 11 kwa matale ya jamii ileile iliyotapakaa Usukuma, bila tone la chokaa.

Hapa lazima tuseme ukweli ambao wapenzi wa mambo ya kale hupenda kuuruka. Thimlich Ohinga na Zimbabwe Kuu ni kuta za boma. Nyumba zenyewe zilikuwa ndani ya kuta, nazo zilikuwa za udongo na nyasi. Msukuma wa zamani naye hakulala katika nyumba ya mawe. Alilala katika msonge wa miti, udongo na nyasi, ndani ya uzio wa minyaa, na mawe ya vilima aliyaachia pimbi. Nyumba ya kuishi yenye kuta za mawe katika Afrika Mashariki ni mali ya pwani: Kilwa, Lamu, Unguja, kwa matumbawe na chokaa, kuta nene za nusu mita na zaidi, vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Basi mtu ana haki ya kuuliza: hiyo mnayoiita njia ya jadi ni jadi ya nani? Swali ni zuri, lakini linadhani kwamba jadi ya ujenzi hukaa mahali pamoja. Haikai. Tembe la kuta nne na paa la udongo lilienea Unyamwezi katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, na lile la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872 ni mfano wake unaojulikana. Nyumba ya pembe nne iliusukuma msonge pembeni. Baada ya hapo pamba ilileta bati, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikazipanga nyumba kwa mistari. Hakuna aliyesema bati si la Kisukuma. Hata kanisa la Bujora, pale Kisesa, ambalo padri David Clement alilijenga kwa umbo la nyumba ya duara ya Kisukuma, lilionyesha kwamba mtu anaweza kuchukua umbo kutoka kwa wazee na vifaa kutoka kwingine. Kinachopendekezwa hapa ni kugeuza mpangilio huo: umbo na bati vibaki vya leo, ila mkono unaopanga ukuta uwe wa zamani.

Na mkono huo haujafa kabisa. Mtu anayejenga msingi wa mawe Shinyanga anajua kuchagua jiwe la kona. Anajua kutumia timazi, uzi na nyundo. Anajua kumkataa msaidizi aliyeleta jiwe la mviringo. Kazi ya kusomba mawe nayo bado ni ya jumuiya. Shule za kata nyingi za mikoa hii zilianza kwa nguvu za wananchi, na mchango wa kwanza wa kaya mara nyingi ulikuwa mawe, mchanga na maji. Zamani vijana wa Kisukuma walifanya kazi za pamoja chini ya nsumba ntale, kiongozi wao, wakihama shamba hadi shamba kwa ngoma, na kamati ya ujenzi ya kijiji ni mrithi wa desturi hiyo hata kama haina ngoma. Kwa upande wa Geita kuna hazina nyingine ambayo haijawahi kuhesabiwa kuwa ni hazina ya ujenzi. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mgusu ameshinda miaka akisoma mwamba: anajua unapasuka kwa upande gani, anajua kupiga tindo, anajua kuingiza kabari kwenye ufa na kungoja. Duara, yaani shimo lake, likiisha dhahabu, elimu hiyo yote inakaa bure mpaka apate duara jingine. Ni elimu ileile anayoihitaji mpasua mawe ya kujengea.

Tuje kwenye miti, kwa sababu ndiyo hoja inayoufanya mkoa wa Shinyanga kuwa tofauti na mingine. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihamasisha kufyeka vichaka vya Usukuma ili kuwaondoa mbung'o, na makao ya utafiti wa mbung'o yalikuwa Old Shinyanga penyewe, chini ya Charles Swynnerton. Baadaye ikaja pamba, ikaja mifugo mingi, zikaja kuni za vijiji vilivyojazana. Katika miaka ya 1980 watu walikuwa wakiuita mkoa huo jangwa bila kutia chumvi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofanya jambo la busara: badala ya kuwaletea watu miche tu, ulirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho lisiguswe wakati wa mvua. Kutoka hekta zipatazo 600 zilizokuwa zimeorodheshwa mwaka ule, ngitili zilifikia makadirio ya kati ya hekta 300,000 na 500,000 katika vijiji 833 mwanzoni mwa karne hii, na mwaka 2002 HASHI ikapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Ni moja ya kazi chache za mazingira nchini ambazo mtu anaweza kuziona kwa macho. Sasa ngitili hizo zinakabiliwa na tanuru la matofali. Tofali la kuchoma ndilo alama ya maendeleo ya kijiji, na tanuru moja huhitaji kuni za malori, tena magogo manene yanayoweka moto usiku kucha; vijiti havifai. Panapolimwa mpunga wapo wanaochomea pumba, jambo jema, lakini pumba hazitoshi kila mahali wala kila msimu. Geita mzigo ni mkubwa zaidi. Wakazi wa mkoa huo walikuwa milioni 1.7 katika sensa ya 2012 na wakakaribia milioni 3 katika ile ya 2022. Kila familia mpya inataka nyumba, kila duara linataka matimba, na vyote vinatoka kwenye miti ileile. Jiwe halichomwi. Huo ndio ubora wake wa kwanza, na pengine ungetosha peke yake.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ya kuni ni saruji. Ni dawa, ila inatoka mbali na inaondoka na fedha. Saruji nyingi ya Tanzania huchomwa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Mbeya, yaliko mawe ya chokaa na viwanda. Hadi Kahama lori kutoka Dar es Salaam limekwenda karibu kilomita 1,000, na Geita ni mbele zaidi. Bei inayolipwa na mjenzi wa Katoro, mkoani Geita, ina dizeli ndani yake, na kila mtikisiko wa kiwandani au barabarani unamfikia yeye akiwa wa mwisho na ukiwa umekua. Novemba 2020 bei ilipanda kwa kasi kiasi kwamba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwaagiza viongozi wa mikoa wachunguze. Mwaka uliofuata serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabili UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja likitengewa shilingi milioni 20, na kiasi hichohicho kilipaswa kutosha kando ya kiwanda na mwisho wa barabara. Katika nyumba ya tofali za saruji sehemu kubwa ya fedha hulipia bidhaa. Katika nyumba ya jiwe na udongo hulipia mikono: wapasua mawe, wenye malori, waashi, wasaidia fundi, na wote wanaishi mwendo wa baiskeli kutoka kwenye kiwanja. Kwa mikoa ambayo utajiri wake hupakiwa na kuondoka, hiyo si tofauti ndogo. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Kahama, ulianza uzalishaji 2009 na ukafungwa 2021. Miaka kumi na miwili ni muda mfupi hata kwa umri wa bati.

Gharama ya mikono ni pingamizi pia, na halifai kupuuzwa. Mwashi mzuri wa jiwe hupandisha kama mita moja ya ujazo kwa siku, labda na robo. Ukuta tuliouhesabu utawachukua mafundi wawili wiki mbili hadi tatu, wakati wa tofali ungekwisha kwa wiki moja. Mtu anayepanga chumba na kulipa kodi huku akijenga atauona muda huo. Lakini Watanzania wengi hawajengi nyumba kwa wiki tatu wala kwa miezi mitatu. Hujenga kwa miaka, msimu wa mavuno hadi msimu wa mavuno, na maboma yasiyoezekwa yamejaa kila mji wa Kanda ya Ziwa. Kwa mjenzi wa namna hiyo, mwendo wa fundi si kikwazo. Kikwazo ni fedha taslimu ya siku moja. Mawe yanaweza kununuliwa tripu moja moja na kurundikwa kiwanjani mwaka mzima bila kuganda kama saruji na bila kuyeyuka kama tofali mbichi.

Pingamizi zito kuliko yote lina tarehe. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo iliipiga Mwakata, wilayani Kahama, ikaua zaidi ya watu 40, wengi wao wakiangukiwa na kuta za nyumba zao za udongo. Mwaka uliofuata, Septemba 10, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi, zikiwemo za tofali na mawe zilizounganishwa kwa udongo. Mtu aliyeyaona hayo akikusikia unasema "jiwe na udongo" ana kila sababu ya kuinuka na kuondoka. Lakini matukio hayo mawili yanafundisha mambo tofauti. Mwakata ni somo la maji. Ukuta wa tope tupu hubeba paa kwa udongo wenyewe, na udongo ukilowa hauna nguvu. Katika ukuta wa jiwe uliopangwa sawasawa mzigo hupita kutoka jiwe hadi jiwe. Mvua ikiramba udongo wa nje, inakuta kiungo kilichozibwa na nyuma yake jiwe lililokalia jiwe. Hata hivyo msingi ulioinuka, na bati lililochomoza nje ya ukuta angalau nusu mita, ni vitu visivyo na mjadala, na fundi anayekata bati sawasawa na ukuta ili kuokoa karatasi mbili anaiua nyumba mwenyewe.

Kagera ni somo jingine, gumu zaidi. Tetemeko haliubonyezi ukuta, linausukuma kwa ubavu, na hapo uzito wa jiwe unageuka adui. Kuta hupasuka katikati ya unene wake, uso wa nje ukaanguka huku na wa ndani kule, hasa pale palipokosekana mawe ya kuvuka. Nepal iliona hilo kwa kiwango cha kutisha Aprili 25, 2015, katika tetemeko la 7.8, na nyumba nyingi zilizoanguka vijijini zilikuwa za jiwe na udongo. Mtu angetegemea serikali yake ipige marufuku ujenzi huo. Haikupiga, kwa sababu ilijua kwamba wanavijiji wa milimani wangejenga kwa jiwe tu, kwa ruhusa au bila ruhusa. Ilichapisha michoro iliyoidhinishwa ya kujengea upya, na ndani yake ikaweka nyumba za jiwe na udongo kwa masharti: mikanda ya mbao au zege inayoizunguka nyumba kwenye msingi, chini ya madirisha, kwenye lenta na juu, mawe ya kuvuka kwa vipimo, madirisha madogo yaliyo mbali na kona, paa jepesi. Hatari ya tetemeko Geita ni ndogo kuliko ya Himalaya kwa mbali, ila si sifuri. Kagera ni jirani, na wakazi wa baadhi ya mitaa iliyo karibu na migodi wamelalamikia nyufa kwa miaka mingi wakizihusisha na mitetemo ya baruti. Kwa hiyo ukuta unaotetewa hapa una lenta ya zege yenye nondo inayozunguka bila kukatika, na mikanda mingine hata ya mbao chini yake. Anayetaka jiwe na udongo bila mkanda wowote kwa sababu wazee hawakuwa na nondo, huyo hatetei jadi. Anacheza na maisha ya watu.

Halafu kuna suala la mahali. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, ndiye aliyeeleza katika miaka ya 1930 jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyojipanga kwa mfuatano kutoka kilimani hadi bondeni, na Usukuma ukawa mfano maarufu wa mpangilio huo. Wakulima wa Kisukuma walikuwa tayari na majina yake yote. Juu kuna mawe. Chini yake luseni, mchanga wa matale. Kisha itogolo lenye tabaka gumu. Mwisho mbuga, udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mpangilio huo ni ramani ya mjenzi pia. Kwenye luseni jiwe liko karibu, maji hayatuami na msingi hautembei: hapo ndipo nyumba ya mawe inafaa kabisa. Kwenye mbuga jiwe liko mbali na ardhi inainuka na kushuka chini ya ukuta mzito usiopinda. Kulazimisha jiwe huko ni ubishi, na mtu wa Kishapu anayeishi katikati ya mbuga ana haki ya kuendelea na tofali la udongo lililochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, lile la kufungamana ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelieneza kwa miaka mingi. Udongo mweusi haufai hata kujengea jiwe. Kinachofaa ni udongo wa kichuguu uliokatwa kwa mchanga, ujaribiwe kwa donge kavu kabla haujaingia ukutani.

Wengine watauliza juu ya magwangala, yale mabaki ya mawe ya mgodi ambayo vijana wa Geita wameyadai kwa miaka ili wayatafute dhahabu iliyobaki. Kwa nini milima hiyo ya mawe isijenge nyumba? Wazo linavutia na ni la kukataliwa mpaka lipimwe. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi hubeba madini ya salfa, ambayo yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali. Tindikali hula chokaa na saruji, na maji yake hayafai kuchuruzika karibu na kisima. Jiwe la kujengea litoke kwenye matale safi. Hapo tena tutaambiwa kwamba tunaokoa miti na kuviua vilima. Ni kweli kwamba upasuaji holela wa mawe unachafua: matairi huchomwa juu ya majabali ili yapasuke, vumbi la kokoto huingia mapafuni mwa akina mama na watoto wanaogonga kutwa, na mashimo huachwa wazi. Lakini uchafu huo upo leo, kwa ajili ya misingi na zege. Ukuta wa jiwe, ukiacha lenta yake, hautaki kokoto. Unataka vipande vikubwa, vinavyopatikana kwa kutoboa safu ya matundu na kupiga kabari bila moto, na vingi vyake vimelala juu ya ardhi. Mawe ni madini ya ujenzi kisheria, na leseni ndogo ya uchimbaji ipo. Kijiji kikitenga kilima kimoja kwa kazi hiyo na kuvilinda vingine kama kinavyolinda ngitili, kitakuwa kimefanya zaidi ya kinachofanywa sasa.

Mfano wa kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana kwa kiwango cha serikali hauko mbali. Huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, hospitali ya wilaya iliyofunguliwa 2011 ilijengwa kwa mawe ya volkeno ambayo wakulima wa eneo hilo waliyaona kero shambani na ambayo hayakuwa na heshima zaidi ya msingi na uzio. Wasanifu wa MASS Design Group waliwapa waashi wa hapohapo muda wa kujifunza kuyachonga mpaka yakabanana, na kuta zilipopanda, mafundi hao wakawa watu wa kutafutwa. Butaro si ushahidi wa udongo, maana saruji na zege vimo ndani yake. Ni ushahidi wa mkono wa fundi na wa heshima. Na heshima ndiyo inayokosekana kwetu. Maafisa hugawa nyumba kuwa za kudumu na zisizo za kudumu, na udongo ukitajwa tu, hata ukiwa katikati ya mawe ya sentimita 45, nyumba inaangukia fungu la pili, pamoja na kibali na mkopo wake. Hilo halibadiliki kwa makala ya magazeti. Linabadilika wakala wa utafiti ukichapisha mchoro mmoja wa nyumba ya jiwe na udongo wenye vipimo vya mikanda, mawe ya kuvuka na michomozo ya bati, na chuo cha VETA cha Shinyanga au Geita kikiingiza ukuta wa jiwe kwenye mtihani wa uashi.

Fedha za kuanzia zipo. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017, migodi hupanga mchango wake kwa jamii pamoja na halmashauri, na kila mwaka mabilioni ya shilingi yanajenga madarasa, zahanati na nyumba za watumishi katika ukanda huu, karibu zote kwa tofali. Halmashauri moja ikiamua nyumba moja kati ya hizo iwe ya jiwe, ianze na nyumba ya mwalimu; darasa liachwe kwanza, kwa kuwa lina nafasi pana na watoto arobaini ndani. Iwekwe kwenye luseni, wahitimu wa uashi wakijifunzia hapo, gharama zake za mawe, udongo, saruji na vibarua ziandikwe na kubandikwa ofisi ya kata kando ya zile za nyumba ya tofali iliyojengwa mwaka huohuo, na nyumba ya pili isianze mpaka ya kwanza ipite masika mbili.